Aibu ya Gari Ni Amana kwa Mwenye Kuiuza



Wiki hii sitaandika juu ya ndoa wala mirathi. Nitaandika juu ya gari. Asiyekuwa na gari asiufunge ukurasa, kwani neno lenyewe linamhusu kila anayeuza na kila anayenunua, awe anauza ng'ombe, cherehani au simu iliyokwisha kutumika.

Baada ya swala ya Ijumaa hapa kwetu Chewele, chini ya kivuli, hujipanga magari machache, na aghalabu mawili au matatu kati ya hayo ni Toyota Premio. Gari hili lilianza kuundwa Japani mwishoni mwa mwaka 2001, likabadilishwa umbo mwaka 2007, na kiwanda kikaacha kuliunda mwaka 2021. Allion ni ndugu yake wa tumbo moja. Si gari kubwa, si gari dogo. Linachukua mume, mke na watoto watatu, na buti lake humeza mizigo ya sikukuu. Kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane, mengi hufika bandarini Mombasa yakiwa na miaka saba, kisha yakaishi nasi kumi mingine. Basi Premio la Tana River ni mtu mzima aliyehamia ugenini: ana mazoea yake ya zamani, na anayeishi naye hana budi kuyajua.

Tabia zake

Mimi langu nililinunua Mombasa mwaka 2016. Lilikuwa la mwaka 2009, rangi ya fedha, injini ya lita moja na nusu. Kila nilipoliwasha, sauti ya mwanamke ilisema maneno ya Kijapani. Wanangu walidhani anatuombea safari njema. Baadaye tukaambiwa na kijana mmoja aliyesoma kwamba bibi yule alikuwa akitukumbusha kuingiza kadi ya kulipia ushuru wa barabara za kwao. Redio nayo ilikuwa kiziwi, kwa maana iliundwa kwa masafa ya Japani yaliyokomea 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, hata fundi alipopachika kidude cha kugeuza masafa.

Hayo ni ya kuchekesha. Yako na yasiyochekesha. Wenye Premio la zamani, lile la kabla ya 2007, lenye injini ya lita moja na pointi nane, hulalamika kwamba linakunywa oili. Asiyechungulia kijiti cha oili kila wiki huja akajuta. Lile la lita mbili linaloitwa D4 hunyunyiza mafuta ndani kabisa ya silinda, na kwa hiyo halivumilii petroli chafu ya kununuliwa kwenye mtungi kando ya njia. La lita moja na nusu ndilo lenye subira zaidi, na injini yake ni ile ile iliyomo ndani ya Probox na Fielder, kwa hiyo kifaa hakikosekani. Lakini hili la baada ya 2007 lina giaboksi ya mkanda wa chuma, isiyo na hatua za gia, na oili yake ni ya aina yake peke yake. Anayemimina oili ya giaboksi ya kawaida amejichimbia shimo.

Ama nchi yetu, haikuwamo katika fikira za waliolichora gari hili. Tumbo lake li karibu na ardhi. Penye laga iliyokauka, mawe hupiga hodi kwenye sampu, na mwenye busara hufunga bati la kinga siku ile ile anayonunua. Udongo mweusi ukinyeshewa hulishika gari mpaka ukumbi wa tairi. Na mathenge, mti uliopandwa upande wa Bura miaka ya 1980 ili watu wapate kuni, umeenea hadi kandokando ya njia, na mwiba wake hupenya tairi jipya kama sindano. Kwetu hapa kusafiri na tairi moja la akiba ni kutawakali bila kumfunga ngamia.

Maji ya Novemba

Mnamo Novemba 2023, mvua za El Niño ziliufurisha Mto Tana, na barabara ikakatika pale Madogo, ng'ambo ya Garissa. Gari langu nilikuwa nimeliacha uani kwa shemeji yangu huko huko Madogo. Maji yaliingia usiku. Asubuhi yalikuwa yamefika nusu ya viti.

Shemeji alifanya jambo moja la hekima: hakuliwasha. Gari lililozama likiwashwa, injini huvuta maji na vyuma vyake hupinda. Alingoja maji yakapungua, akaondoa nyaya za betri, akaita vijana wakalisukuma hadi mahali pa juu. Fundi alimwaga oili yote, akaweka mpya, akaimwaga tena, mara tatu. Viti vikang'olewa vikaanikwa juani kama samaki. Baada ya wiki mbili gari lilinguruma, nikamshukuru Mola.

Lakini maji yakiingia ndani ya gari hayatoki yote. Asubuhi za ukungu harufu ya tope ilirudi. Swichi ya dirisha la nyuma ilifanya kazi ilipopenda. Na kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu ya mifuko ya hewa, ile inayofura kumkinga dereva na aliye ubavuni mwake gari linapogonga. Fundi alinieleza kwamba kompyuta ya mifuko hiyo hukaa chini, katikati ya viti viwili vya mbele, mahali pa kwanza kufikiwa na maji. Huenda mifuko itafura siku ya ajali, huenda isifure.

Nikaendesha hivyo hivyo mwaka mzima. Mtu huzoea taa nyekundu kama azoeavyo kelele za jirani.

Usiku mmoja wa taa

Mwaka jana binti yangu alipata nafasi chuoni, na karo ikanilazimu kuuza. Magari kama langu yalikuwa yakienda kwa shilingi 820,000. Nikampelekea fundi alioshe na kulipiga rangi pembeni. Akalizunguka, akaniambia kwa upole, "Sheikh, ile taa naizima kwa dakika tano. Naiunganisha na waya wa taa ya oili. Itawaka na kuzimika kama kawaida. Hakuna atakayejua."

Ndugu msomaji, ningependa kukuandikia kwamba nilimkatalia hapo hapo. Sikumkatalia. Nilinyamaza, nikamwambia nitamjibu kesho. Usiku ule nilipiga hesabu ya karo. Mama watoto akaniuliza gizani, "Baba watoto, huyo mnunuzi ana watoto?" Nikasema sijui, bado hajapatikana. Akasema, "Atakuwa nao. Asiye na watoto hanunui Premio." Kisha akageukia ukutani akalala.

Mimi nimewasomesha vijana kisa cha Mtume (S.A.W.) aliyepita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka, akakuta chini kuna unyevu. Mwenye rundo akasema ni mvua iliyolipata. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa sababu unyevu aliuweka chini na ukavu akauweka juu. Nimekisomesha kisa hicho miaka ishirini na zaidi, na rundo lilikuwa langu.

Nimewasomesha pia kwamba mnunuzi anayegundua aibu iliyokuwapo kabla ya kununua ana hiari ya kurudisha kitu. Wengi siku hizi hudhani wamejiokoa wanaposema, "Nauza kama lilivyo." Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi hawakuliacha jambo jepesi hivyo. Kauli iliyo na nguvu kwao ni kwamba sharti la namna hiyo humwondolea muuzaji lawama ya aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Kwa maana mnyama hula, huugua, na hali yake hubadilika kwa siri. Gari si mnyama. Na taa yangu niliijua.

Karatasi ya aibu

Asubuhi nilimwambia fundi aiache. Nikachukua karatasi ya daftari, nikaandika mambo tisa: mwaka na mahali gari lilipoingia maji, maji yalifika wapi, taa, swichi, harufu, bampa lililowahi kugonga, oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, na mengineyo. Mnunuzi wa kwanza alisoma mpaka jambo la pili akaaga. Wa pili alinipa shilingi 500,000 huku akicheka. Wa tatu hakurudi.

Wa nne alikuwa mwalimu, kijana, amekuja na mkewe na mtoto mchanga mgongoni. Alisoma yote, akarudia. "Sheikh wangu," akasema, "nimetazama magari sita, na hili ndilo la kwanza ninalolijua." Tukaafikiana kwanza kompyuta ile ibadilishwe kwa gharama yangu, tuthibitishe taa inazimika kwa haki yake, kisha anilipe 640,000. Tukatia saini karatasi ile mbele ya mashahidi wawili, akaondoka nayo pamoja na logibuku.

Sikupata karo yote. Nusu nimelipa, nusu naidaiwa, na mbuzi wamepungua zizini. Sitakudanganya kwamba hainiumi.

Nasaha yangu kwako unayenunua: inua zulia utazame kutu chini ya viti, vuta mkanda wa usalama hadi mwisho uone kama una alama ya tope, washa ufunguo uhakikishe kila taa ya dashibodi inawaka yenyewe kisha inazimika yenyewe, na muulize mwenyewe, si dalali. Na wewe unayeuza, andika karatasi yako kabla hujamwita fundi wa rangi. Ukiona mkono unasita kuandika jambo fulani, basi hilo ndilo la kuandika kwanza.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika tunachouza na tunachonunua. Wabillahi tawfiq.