Neno «Fimbul» na Majira Yasiyo na Kiangazi

Januari 2024 zilitufikia habari kutoka Uswidi kwamba katika kituo cha Kvikkjokk-Årrenjarka, huko Lapland, kipimo cha joto kilishuka hata nyuzi 43.6 chini ya sifuri, baridi ambayo nchi ile, katika mwezi wa Januari, haikuwa imeionja kwa muda wa miaka 25. Na mimi, badala ya kuwahurumia waja wa Mungu waliokuwa wakitetemeka, nikajikuta nafurahi, kwa kuwa neno nilipendalo tangu ujanani limepata tena sababu ya kutajwa. Neno hilo ni fimbulvinter, ambalo Waswidi hulitumia kila baridi ipitapo kiasi, na ambalo mfasiri mmoja wa kwetu alilifanya «baridi kali» kisha akashika njia yake, kama mpakuzi aliyetoa wali akasahau kitoweo chunguni.

Ama fimbul lenyewe ni neno adimu hata katika Kinorsi cha kale. Katika tungo za Edda, yaani mashairi ya kale ya Kinorsi kuhusu miungu na mashujaa, halisimami peke yake. Hutangulia jina jingine na kulikuza, takriban kama ji- ya kwetu inavyomgeuza mtu akawa jitu na nyoka akawa joka, na pamoja na ukubwa huo hutia haiba na hofu. Odin, mkuu wa miungu wa tungo hizo, aliyening'inia mtini mausiku tisa, alijifunza nyimbo tisa ziitwazo fimbulljóð, yaani nyimbo zenye nguvu kuu. Tena aghalabu hufahamika kuwa ni yeye aitwaye Fimbultýr, mungu mkuu, na fimbulþulr, manju mkuu mwenye kukariri elimu ya kale (þ hiyo itamkwe kama th ya «thamani»). Wako wanazuoni wanaolilinganisha neno hili na fifel la Kiingereza cha kale, lenye maana ya zimwi.

Lakini katika jamaa zake wote, anichekeshaye ni fimbulfambi, yaani juha mkuu. Katika Hávamál, utungo wa mawaidha, jina hilo amepewa mtu asiyekuwa na la kusema, hali inampasa nyumbani kwake awe mchangamfu na kuwakirimu wageni. Sisi tuliofunzwa kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu huenda tukashangaa, na kweli utungo uo huo mahali pengine husifu kunyamaza. Ila wazee wale walijua kuwa mazungumzo nayo ni sehemu ya karamu, na kwamba kumlisha mgeni bila ya kumsemesha ni kumlisha kama mfugo. Leo mgeni huketi akahesabu boriti za dari, ilhali mwenyeji ameinamia simu yake. Na baridi ya sebule kama hiyo, naapa, Lapland haiwezi kuishinda.

Turejee kwenye fimbulvinter, ambalo kwa Kinorsi cha kale ni fimbulvetr. Snorri Sturluson, mwanachuoni wa Iceland aliyeuawa nyumbani kwake Reykholt mwaka 1241, anaeleza kuwa ni majira matatu ya baridi yatakayofuatana pasi na kiangazi kati yake, theluji ikipeperuka kutoka pande zote na jua likikosa nguvu, nayo ni dalili ya kuja kwa Ragnarök, yaani maangamizi ya miungu na dunia. Wengi huishia hapo, wakasahau kwamba kabla ya hayo Snorri ametaja majira mengine matatu ya baridi, ambayo dunia itajaa vita, na ndugu watauana kwa tamaa, wala baba hatamhurumia mwana. Tazama mpango huo: nyoyo zinatangulia kuganda, ndipo maji yafuate.

Na hapa msomaji anistahimili, maana siwezi kulitaja neno hili bila ya kukitaja kitabu kilicholihifadhi. Tungo hizi tunazijua hasa kwa sababu ya Codex Regius, kitabu cha ngozi kilichoandikwa Iceland katika karne ya 13, kidogo hata chaweza kushikwa kwa mkono mmoja, chenye karatasi 45 zilizosalia na nyingine nane zilizopotea. Mwaka 1643 kilimfikia Askofu Brynjólfur Sveinsson wa Skálholt, naye akatia alama yake kwenye ukurasa wa kwanza, herufi LL na mwaka ule. Mwaka 1662 akampelekea mfalme wa Denmark. Hakikurudi mpaka tarehe 21 Aprili 1971, kilipoletwa Reykjavik kwa manowari ya Denmark, na umati wa watu ukakilaki bandarini kama unaomlaki mfalme. Vingine havikupata bahati hiyo: Árni Magnússon, aliyezunguka Iceland akikusanya maandiko ya ngozi, alikuta karatasi ya kitabu cha kale imekatwa iwe kielelezo cha kushonea kizibao. Nisicheke, kwani nami nimepata kununua njugu hapa pwani, nikafungua kifuko nikaona ndani yake mistari ya utenzi kwa herufi za Kiarabu, wino umechanganyika na chumvi.

Nafasi imebaki finyu, basi la baridi nitalisema kwa ufupi. Mwaka 536 volkano ilitupa majivu angani, Procopius akaandika kuwa jua liliangaza bila ya ukali kama mwezi, na mwaka 540 ikafuata nyingine. Pete za miti zinashuhudia viangazi vya baridi vilivyofuatana, na wako wataalamu wa Uswidi, Bo Gräslund akiwa miongoni mwao, wanaoona kuwa fimbulvetr ni kumbukumbu ya msiba ule. Kwa hiyo baridi ya wiki moja, hata iwe ya nyuzi 43, haijawa fimbulvetr maadamu kiangazi chaja.

Kumbukumbu ya msiba ule, ikiwa ndiyo, ilivuka zaidi ya miaka 600 midomoni mwa watu kabla ya kutiwa ngozini. Wewe msomaji, ukiwa una bibi au babu atumiaye neno usilolijua, usimwache alale nalo: muulize maana yake leo, uliandike, na chini yake utie jina lake na mwaka.