Fosforasi ya Nguruwe: Usidanganywe na Bei ya Kilo

Nguruwe wa miezi minne anayekula vizuri lakini anachechemea, akilala anasitasita kunyanyuka, huenda mifupa yake imekosa fosforasi. Songea tunalisha pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, na fosforasi imo humo kwa wingi. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa imefungwa ndani ya fitati, umbo ambalo mmea huhifadhi fosforasi. Tumbo la ng'ombe lina vijidudu vya kuifungua; nguruwe hana kimeng'enya cha kutosha, hivyo nyingi hutoka na kinyesi.

Tupige hesabu. Nguruwe wa kilo 25 hadi 50 anahitaji takribani gramu 310 za fosforasi inayofyonzwa katika kila kilo 100 za chakula. Mahindi matupu ya uzito huo yana kama gramu 260, na kinachofyonzwa ni robo hadi theluthi tu. Pengo hilo halizibwi kwa kuongeza debe la pumba.

Dukani utakuta DCP, yaani dikalsiamu fosfeti. Ile yenye asilimia 18 hutoa gramu 180 kwa kilo, na takribani sehemu nne kati ya tano hufyonzwa. Unga wa mifupa ni wa bei nafuu, lakini ubora wake hutegemea aliyeutengeneza. Wenye asilimia 12 hutoa gramu 120 tu. Kwa hiyo gawanya bei kwa gramu za fosforasi kabla hujasema kipi ni rahisi. Mifupa ya mnyama aliyekufa bila sababu kujulikana isiguswe kabisa, kwa hofu ya kimeta, na ya nguruwe isirudi kwa nguruwe: homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba.

Usipa, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, aliyekaushwa, akisagwa na mifupa yake, huleta protini na fosforasi kwa pamoja. Namwona ni mwenzi mzuri wa DCP, ila mchanga uchekechwe kwanza.

Chokaa ya mifugo haina fosforasi. Ni kalsiamu, na ikizidi huzuia hata ile fosforasi kidogo isifyonzwe. Wengi huharibu hapa kwa kudhani unga wote mweupe ni mmoja. Mwamba wa fosfeti wa Minjingu nao ni mbolea: una florini nyingi inayodhuru meno na mifupa, kwa hiyo uachie shamba.

Ukienda dukani, muuzaji akuoneshe asilimia ya fosforasi kwenye mfuko. Kama haikuandikwa, usinunue.