Kenya: Mkatoliki akiacha kuamini, nani humtambua hivyo?

Nchini Kenya, mtu aliyebatizwa akiwa mchanga na kulelewa katika Kanisa Katoliki ana haki ya kuiacha dini hiyo, au kuacha dini zote, bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Hata hivyo, jina lake hubaki katika kitabu cha ubatizo cha parokia, na siku ya sensa huenda baba yake akamtaja kuwa Mkatoliki. Makala hii inaeleza jinsi sheria ya nchi, sheria ya Kanisa na desturi za familia zinavyomtazama mtu wa namna hiyo. Suala hili linawagusa pia wasikilizaji wetu wa Uganda, ambao wengi wao wana ndugu ng'ambo ya mpaka, Busia na Malaba.

Ni wangapi?

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakatoliki 9,726,169 nchini Kenya, takriban mtu mmoja katika kila watano. Walioandikwa kuwa hawana dini walikuwa 755,750, sawa na asilimia 1.6. Katika sensa ya mwaka 2009 kundi hilo lilikuwa na watu 922,128. Kwa hiyo, anayedai kwamba Wakenya wanaikimbia dini kwa wingi hapati ushahidi katika takwimu hizo.

Lakini takwimu hizo zina mipaka yake. Jedwali la 2019 liliwaweka katika safu moja wasio na dini na wasioamini kuwapo kwa Mungu, ilhali mtu anaweza kumwamini Mungu bila kufuata dhehebu lolote. Aidha, maswali ya sensa kwa kawaida hujibiwa na mkuu wa kaya kwa niaba ya wote. Binti wa chuo kikuu ambaye hajahudhuria Misa kwa miaka mitatu huweza kuandikwa Mkatoliki, ama kwa sababu mzazi hajui, ama kwa sababu anajua na hataki kulitamka mbele ya mgeni.

Sheria ya nchi inasema nini?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 8, inasema kwamba hakuna dini ya taifa. Ibara ya 32 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni, na inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Utangulizi wa Katiba hiyohiyo, kwa upande mwingine, unakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu.

Mahakamani, shahidi asiye na dini anaruhusiwa kuthibitisha kwamba atasema kweli badala ya kuapa kwa Mungu. Anayetaka kuoa au kuolewa nje ya kanisa anaweza kufunga ndoa ya kiserikali mbele ya msajili, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014.

Uhuru huo ulijaribiwa mwaka 2016. Mwezi Februari serikali iliisajili jumuiya ya wasioamini, Atheists in Kenya. Mwezi Aprili usajili huo ukasitishwa kwa hoja ya kulinda amani ya umma. Jumuiya ilipinga hatua hiyo, na imeendelea na shughuli zake.

Shuleni mambo ni tofauti kidogo. Elimu ya dini katika shule za msingi ni ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu. Mzazi asiye na dini hana mtaala wa nne wa kumchagulia mwanawe.

Kanisa linasema nini?

Katika mafundisho ya Kanisa Katoliki, ubatizo huacha alama isiyofutika. Hauwezi kurudiwa, wala hauwezi kutanguliwa. Sheria ya Kanisa humwita mwasi mbatizwa aliyeikataa imani ya Kikristo kabisa, na adhabu yake ni kutengwa na Kanisa. Hata hivyo, kutengwa hakumwondolei ubatizo, na mlango wa kurudi kwa toba hubaki wazi.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 iliwahi kutaja kujitoa rasmi, katika vifungu vinavyohusu ndoa. Maneno hayo yaliondolewa na Papa Benedikto XVI kwa waraka wa Oktoba 2009. Matokeo yake ni haya: Mkatoliki aliyeacha imani kisha akafunga ndoa kwa msajili ana ndoa halali mbele ya serikali ya Kenya, lakini Kanisa haliitambui ndoa hiyo, kwa kuwa bado linamhesabu kuwa mtu wake.

Suala zito zaidi ni mazishi. Sheria ya Kanisa inakataza kuwapa ibada ya mazishi waasi wanaojulikana hadharani, isipokuwa wameonyesha dalili ya toba kabla ya kufa. Tena katika parokia nyingi za Kenya, wanaokesha na wafiwa, kuchanga fedha na kuandaa ibada ni wanajumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Aliyejitenga na jumuiya huwaachia jamaa zake mzigo huo siku ya msiba.

Kwa nini watu huanza kutilia shaka?

Sababu zinazotajwa hadharani si za aina moja. Wapo waliouliza kwa nini Mungu mwema aruhusu mateso, wasiridhike na jibu. Wapo waliochukizwa na ukaribu wa wahubiri na wanasiasa. Ukaribu huo ulilalamikiwa sana na vijana wakati wa maandamano ya mwaka 2024, na mwezi Novemba mwaka huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kurudisha mchango wa fedha uliotolewa na Rais William Ruto kanisani. Wengine walitikiswa na mkasa wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako kuanzia mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na kanisa la mhubiri Paul Mackenzie.

Ni vyema kutenganisha mambo hapa. Anayemshuku mhubiri si lazima amshuku Mungu. Wengi huhama dhehebu moja na kuingia jingine. Wapo pia wanaorudi. Mwaka 2021 katibu wa Atheists in Kenya, Seth Mahiga, alijiuzulu akisema amempata Yesu Kristo, na jumuiya yake ikamtakia heri.

Tuwaiteje?

Swali hili hutukabili mara kwa mara katika meza ya tafsiri. Kiswahili kina maneno mengi kwa ajili ya mtu huyu, na karibu yote yanamhukumu: mwasi, kafiri, mpagani, aliyeritadi. Neno "mkana Mungu" ni la kamusi, lakini kukana ni tendo la makusudi, na mwenye shaka huenda hajakana chochote. Amesita tu, na pengine bado humsindikiza mama yake kanisani siku ya Pasaka ili asimhuzunishe.

Kwa mtu kama huyo, Katiba imekwisha kumaliza kazi yake. Hatari anayoiona haiko mahakamani, bali mezani kwa wazazi, ambako kusema kweli kunaweza kumgharimu karo, urithi au salamu za ndugu. Kwa sababu hiyo, katika taarifa zetu tunaandika "asiyeamini" au "mwenye shaka", na tunatumia "mkana Mungu" pale tu mhusika mwenyewe anapojiita hivyo.