Lugha Darasani na Zahanatini: Afya, Elimu na Maendeleo ya Taifa Nchini Estonia

Utangulizi

Kila tarehe 14 Machi, Waestonia huadhimisha Siku ya Lugha Mama. Siku hiyo iliteuliwa kwa kuwa ndiyo aliyozaliwa Kristjan Jaak Peterson, mwaka 1801. Huyu ndiye mshairi anayehesabiwa kuwa mwasisi wa ushairi andishi wa Kiestonia, katika enzi ambapo wasomi wa nchi hiyo walifikiri na kuandika kwa Kijerumani. Peterson hakuishi kuyaona matunda ya kazi yake. Aliaga dunia mwaka 1822, akiwa na umri wa miaka 21, kwa maradhi ya kifua kikuu. Katika maisha hayo mafupi mna mambo mawili ambayo yameiandama historia ya taifa lake hadi leo: lugha ndogo inayotafuta nafasi yake, na afya ya wale wanaoisema.

Makala haya yanafafanua jinsi Estonia, nchi ndogo iliyojitoa katika Muungano wa Kisovieti mwaka 1991, ilivyojenga upya mifumo yake ya afya na elimu, na nafasi ya lugha katika ujenzi huo. Hoja inayotetewa ni kwamba shule na zahanati hutegemea lugha kwa kiasi kikubwa kuliko inavyodhaniwa aghalabu, na kwamba sera ya lugha ikiwaunganisha wengi, inaweza papo hapo kuwaacha wengine kizingitini.

Usuli wa Nchi na Lugha Yake

Estonia iko kaskazini mwa Ulaya, kando ya Bahari ya Baltiki. Eneo lake ni kilomita mraba 45,000 hivi, na wakazi wake ni takriban milioni 1.37. Kiestonia ni lugha ya jamii ya Kifini. Hakina nasaba na Kirusi wala Kijerumani, ingawa kimekopa msamiati mwingi kutoka kwa lugha hizo kutokana na karne nyingi za kutawaliwa. Neno *arst*, yaani daktari, lina asili ya Kijerumani, nalo *raamat*, yaani kitabu, lina asili ya Kislavoni. Kwa hivyo, hata daktari na kitabu, nguzo mbili za mjadala huu, waliingia katika lugha hiyo kama wageni kabla ya kuwa wenyeji.

Nchi hii ilitangaza uhuru tarehe 24 Februari 1918, ikaupoteza mwaka 1940 ilipotwaliwa na Muungano wa Kisovieti, ikakaliwa na Wajerumani kuanzia 1941 hadi 1944, kisha ikarudishwa chini ya utawala wa Moscow hadi ilipourejesha uhuru wake tarehe 20 Agosti 1991.

Waganga Waliokuwa Watunzi

Ni nadra kupata taifa ambalo fasihi na tiba zimeshikana mikono kama ilivyo Estonia. Utendi wa kitaifa wa Waestonia, *Kalevipoeg*, ni kazi iliyotokana na madaktari wawili. Friedrich Robert Faehlmann, tabibu wa mji wa Tartu na mhadhiri wa lugha ya Kiestonia katika chuo kikuu cha mji huo, ndiye aliyeanza kuzikusanya simulizi zake. Faehlmann alipofariki mwaka 1850, kazi hiyo iliendelezwa na Friedrich Reinhold Kreutzwald, tabibu wa mji mdogo wa Võru, ambaye aliichapisha kati ya 1857 na 1861.

Jambo hili halikuwa sadfa tupu. Wakulima wa Kiestonia walikuwa wametoka katika utwana miongo michache tu kabla ya hapo, kufuatia sheria za 1816 na 1819. Tabibu aliyetaka kuwatibu alilazimika kuzungumza nao kwa lugha yao, na aliyewasikiliza kwa makini alisikia pia ngano na nyimbo zao. Mbali na utendi, Kreutzwald aliwaandikia wakulima hao maelezo ya afya kwa Kiestonia. Alitambua kwamba dawa bila maelezo ni nusu ya tiba. Maelezo hayo yalipata wasomaji kwa sababu kanisa la Kilutheri lilikuwa limesisitiza kwa muda mrefu kwamba kila muumini ajue kusoma. Kufikia sensa ya Urusi ya mwaka 1897, Waestonia zaidi ya tisa katika kila kumi waliweza kusoma.

Istilahi na Ujenzi wa Chuo Kikuu

Chuo Kikuu cha Tartu kilianzishwa mwaka 1632 wakati wa utawala wa Uswidi. Katika karne ya 19 kilifunza hasa kwa Kijerumani, na mwishoni mwa karne hiyo Kirusi kikachukua nafasi. Tarehe 1 Desemba 1919 kilifunguliwa upya kama chuo cha Kiestonia. Mwanzo ulikuwa mgumu. Wahadhiri wenyeji hawakutosha, na maprofesa kutoka Ufini na Uswidi waliajiriwa kuziba pengo. Tatizo lililokuwa kubwa zaidi lilikuwa la istilahi: mhadhiri angefunzaje anatomia au sheria kwa lugha ambayo kwa muda mrefu ilitumika zaidi shambani na kanisani?

Suluhisho lilitafutwa kwa njia mbili. Johannes Voldemar Veski aliongoza uundaji wa istilahi kwa kutumia rasilimali za ndani ya lugha, yaani unyambuaji na kuambatanisha maneno. Kwa njia ya aina hii, *haige* (mgonjwa) lilizaa *haigla* (hospitali), na kiambishi *üli-* chenye maana ya "juu ya" kiliungana na *kool* (shule) kuzaa *ülikool* (chuo kikuu). Mwenzake, Johannes Aavik, alithubutu zaidi. Aliyabuni baadhi ya maneno bila mzizi unaojulikana. Neno *relv* (silaha) na *roim* (jinai) ni miongoni mwa yale yaliyokubalika na sasa hutumiwa na watu wasiojua kwamba yalibuniwa na mtu mmoja. Funzo hapa ni kwamba istilahi haikusubiriwa ikomae ndipo ufundishaji uanze. Ufundishaji ulianza, nayo istilahi ikakomaa ndani yake.

Urithi wa Kisovieti

Utawala wa Kisovieti haukuzifunga shule za Kiestonia, lakini uliweka sambamba nazo mfumo kamili wa shule za Kirusi kwa ajili ya wafanyakazi waliohamia viwandani na migodini, hasa katika jimbo la Ida-Viru, kaskazini mashariki. Mnamo 1934 Waestonia walikuwa asilimia 88 ya wakazi wa nchi yao. Kufikia 1989 walikuwa takriban asilimia 61. Wasiwasi wa kumezwa ulikuwa miongoni mwa vichocheo vya vuguvugu la ukombozi lililojulikana kama Mapinduzi ya Nyimbo. Sheria iliyokifanya Kiestonia kuwa lugha ya taifa ilipitishwa Januari 1989, zaidi ya miaka miwili kabla ya uhuru wenyewe. Lugha ilitangulia, dola ikafuata.

Katika afya, urithi ulikuwa wa sura mbili. Kwa upande mmoja, huduma zilimfikia kila mtu bila malipo. Kwa upande mwingine, mfumo ulielemea hospitali. Nchi hii ndogo ilikuwa na hospitali zaidi ya 100 mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilhali daktari wa kumjua mgonjwa na jamaa yake hakuwapo.

Mageuzi ya Afya na Misukosuko Yake

Uhuru haukuleta neema mara moja. Viwanda vilifungwa, bei zikapanda na ulevi ukashamiri. Kufikia 1994, mwanamume wa Estonia alitarajiwa kuishi miaka 61 hivi tu. Katikati ya dhiki hiyo, serikali ilifanya mageuzi mawili ya msingi. La kwanza lilikuwa bima ya afya, iliyoanza 1992, inayogharimiwa na kodi ya jamii inayolipwa na mwajiri: asilimia 33 ya mshahara, ambapo asilimia 13 huenda kwa afya. La pili lilikuwa daktari wa familia. Chuo Kikuu cha Tartu kilianza kuwafunza upya madaktari mwaka 1991, na kuanzia mwishoni mwa muongo huo kila mkazi akaandikishwa katika orodha ya daktari mmoja, ambayo kwa kawaida huwa na watu kati ya 1,200 na 2,000. Baadaye teknolojia ilijengwa juu ya msingi huo. Rekodi za afya za kitaifa za kidijitali zilizinduliwa 2008, na maagizo ya dawa ya kielektroniki yakafuata 2010.

Hata hivyo, wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ulikuwa Ida-Viru. Migodi na viwanda vilivyokuwa vimewaleta watu huko vilidorora, vijana wakakosa kazi, na dawa za kulevya zikaingia. Hadi 1999, maambukizi ya virusi vya Ukimwi nchini yalikuwa machache mno. Mwaka 2000 visa vipya 390 viligunduliwa, na mwaka 2001 vikafika 1,474, idadi kubwa mno kwa taifa la watu chini ya milioni moja na nusu. Wengi wa walioathirika walikuwa vijana wa kiume waliojidunga sindano, wasemaji wa Kirusi, katika mji wa Narva na maeneo jirani. Wakati huohuo, kifua kikuu sugu kilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani. Maradhi yaliyomuua Peterson yalikuwa yamerejea na silaha mpya.

Lugha pekee haikulizua janga hilo. Ukosefu wa kazi na biashara ya mihadarati vilikuwa na mchango mkubwa. Lakini kijana aliyesoma katika shule ya Kirusi, akaishi katika mji wa Kirusi, na kutazama runinga kutoka Urusi, hakufikiwa kwa urahisi na ujumbe wa dola iliyozungumza Kiestonia. Kukabili janga kulihitaji vituo vya kubadilishana sindano, matibabu ya kusimamiwa kwa karibu, na wahudumu waliojua Kirusi. Miaka ya 2010 ilipokuwa ikimalizika, visa vipya vya virusi vya Ukimwi vilikuwa vimeshuka hadi takriban 200 kwa mwaka. Leo, nambari ya simu 1220 ya ushauri wa daktari hupokelewa kwa Kiestonia na kwa Kirusi. Umri wa kuishi nao umepanda na kupita miaka 78 kwa wastani wa jinsia zote.

Elimu: Mafanikio na Mpaka Wake

Mwaka 1996 Rais Lennart Meri alitangaza mpango wa *Tiigrihüpe*, yaani Mruko wa Chui-milia, uliolenga kuzipa shule zote tarakilishi na intaneti. Ingawa mpango huu husifiwa sana, nguvu ya elimu ya Estonia haimo katika mashine. Imo katika mambo ya kawaida: elimu ya msingi ya miaka tisa bila kuwachuja watoto mapema, chakula cha mchana shuleni bila malipo, mwalimu mwenye shahada ya uzamili, na shule yenye uhuru wa kupanga kazi yake. Katika tathmini ya kimataifa ya PISA ya mwaka 2018, wanafunzi wa Estonia waliongoza Ulaya katika kusoma, hisabati na sayansi. Fauka ya haya, tangu 2013 mwanafunzi wa muda wote anayesoma shahada kwa Kiestonia halipi karo. Lugha ya taifa imefanywa mlango wa bure wa elimu ya juu.

Mafanikio hayo, hata hivyo, yalikuwa na mpaka. Wanafunzi wa shule za Kirusi walipata alama za chini kuliko wenzao wa shule za Kiestonia, na walipohitimu walijikuta wakibisha mlango wa chuo na wa ajira bila ufunguo. Desemba 2022, bunge lilipitisha sheria ya kuzihamisha shule zote hadi Kiestonia. Utekelezaji ulianza Septemba 2024 katika shule za chekechea, darasa la kwanza na darasa la nne, na unatarajiwa kukamilika kufikia 2030.

Sheria hii imezua mjadala mkali. Watetezi wake wanasema mfumo wa shule mbili ulizalisha jamii mbili zisizofahamiana, na kwamba mtoto wa Narva anastahili fursa sawa na mtoto wa Tallinn. Wakosoaji wanauliza ni vipi mtoto wa miaka saba ataelewa hisabati kwa lugha asiyoisikia nyumbani wala mtaani, tena katika mji ambamo walimu waliokimudu Kiestonia vyema ni haba. Pande zote mbili zinasimama juu ya kanuni moja, kwamba mtoto hujifunza kwa lugha anayoielewa. Zinatofautiana kuhusu nani aivuke daraja kwanza: mtoto au shule. Taifa lililopigania haki ya kusoma kwa lugha yake sasa linalazimika kujiuliza linadaiwa nini na raia ambao lugha yao ya nyumbani ni ya mtawala wa jana.

Hitimisho

Mfuko wa bima ya afya wa Estonia uliitwa kwa miaka mingi *Haigekassa*, yaani "mfuko wa wagonjwa". Mwaka 2023 ulibadilishwa jina ukawa *Tervisekassa*, "mfuko wa afya". Badiliko hilo la neno moja lilieleweka mara moja na mkulima na profesa kwa sababu maneno yote mawili ni ya nyumbani. Huo ndio muhtasari wa jambo lililojadiliwa: sera inayosemwa kwa lugha ya watu ni rahisi kuhojiwa, kukosolewa na kutekelezwa na watu hao.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, lugha yenye wasemaji wengi mno kuliko Kiestonia, na ambayo Katiba ya Kenya ya 2010 inaitambua kuwa lugha ya taifa na rasmi, mfano huu hauhitaji kuigwa kibubusa. Unatosha kuondoa kisingizio kimoja kikongwe, kwamba lugha hushindwa kubeba sayansi na tiba kwa udogo wake. Lakini Narva nayo inaonya. Kila lugha inapopewa kiti cha mbele, ni sharti pawe na anayeuliza ni nani aliyebaki amesimama mlangoni, na daktari atazungumza naye kwa lugha gani.