Usugu wa Maradhi ya Figo na Ushahidi wa Damu

Neno 'sugu' katika istilahi 'maradhi sugu ya figo' lina uzito ambao wengi huupuuza. Mtu akipewa majibu ya maabara yanayoonyesha kreatinini nyingi damuni, hudhani hukumu imekwisha kutolewa. Sivyo. Kreatinini ni taka itokayo misulini, nazo figo huichuja na kuitoa kwa mkojo, zikilegea, hulundikana. Hata hivyo, ajuza aliyekonda na kijana hamali waweza kuwa na kiwango kimoja, ilhali figo za ajuza ndizo zilizodhoofika zaidi, kwa kuwa misuli yake huzalisha kreatinini kidogo. Kwa hiyo kiwango hicho huingizwa katika kanuni ya hesabu, pamoja na umri na jinsia, ili kukadiria kasi ya uchujaji kwa mililita kwa dakika.

Kasi ikiwa chini ya 60, kipimo hurudiwa. Kuharisha sana au baadhi ya dawa za maumivu huweza kuzilegeza figo kwa muda tu. Usugu huthibitika hali hiyo ikidumu zaidi ya miezi 3. Mkojo nao hupimwa albumini, ambayo huweza kufichua maradhi hata kasi ikiwa juu ya 60.

Kanuni yenyewe haikukosa walakini. Ile iliyotungwa Marekani mwaka wa 2009 iliongeza makadirio ya mtu mweusi kwa takriban asilimia 16, kana kwamba ngozi ni mizani ya misuli! Aliyestahili kuandikiwa 52 aliandikiwa 60, akaonekana hana neno. Kanuni mpya ya mwaka wa 2021 iliondoa kigezo hicho. Msomaji atakayepimwa amwulize daktari ni ipi iliyotumika, na arudi lini.