Muziki wa Roki Ulivyoigawa Nyumba Yetu Ziwani

Wasomaji wengi wa ukurasa huu mko Pwani, na huenda Ziwani ya Nairobi mwaisikia jina tu. Ni mtaa wa nyumba za baraza la jiji, jirani na Kariokor na shule ya Starehe. Pumwani yenye msikiti wa Riyadha unaifikia kwa miguu. Baba alihamia huko kutoka Mombasa kwa ajili ya kazi, nasi tukalelewa Kimvita katikati ya bara: kanzu ya Ijumaa, chuo kila alasiri, na santuri za Juma Bhalo siku ya mapumziko. Kuta zilikuwa nyembamba. Jirani akipiga chafya usiku, wewe kitandani kwako unamjibu.

Basi mwaka 1971 kaka yangu mkubwa akaingia nyumbani na gitaa kuukuu lililopasuka ubavuni. Vijana wa mtaani walikuwa na gramafoni na santuri za Jimi Hendrix. Mwenyewe alikuwa amefariki London Septemba 1970, lakini kwetu Ziwani ndiyo kwanza alikuwa anaingia. Kaka akashika nyuzi mpaka vidole vikamtoka damu.

Naam, muziki haukuja peke yake. Nywele zilirefuka, kofia haikukaa tena kichwani. Zikaja suruali za bugaluu zilizofagia vumbi la mtaa mzima. Zikaja na bugi, yaani yale madansi ya mchana ya vijana huko mjini, ambako mtoto aliyeaga kuwa anakwenda mpirani angeonekana akitoka jasho la namna nyingine. Sitawaficha: Maghribi zilimpita kaka, na sigara aliianzia huko. Lakini mbele ya mlango wetu, kijana wa Kiluo, wa Kikamba na huyu wetu wa Kiswahili walikaa ngazi moja wakifundishana gitaa lile moja kwa zamu, na hilo sikuliona katika jambo jingine lolote mtaani.

Baba hakushambulia muziki wenyewe. Alishambulia suruali. “Hiyo si suruali,” alisema, “ni mahema mawili.” Mfano wake ulikuwa Dar es Salaam, ambako Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana Januari 1, 1969, kupiga vita minisketi, mawigi na suruali za kubana, na Novemba mwaka huo huo muziki wa soul nao ukapigwa marufuku huko. “Wenzetu wana serikali,” baba alikuwa akisema.

Kaka naye hakukosa hoja. Alimtaja Slim Ali, kijana wa Mombasa, akiimba kwa Kiingereza na Hodi Boys na kujaza kumbi. Alimtaja Sal Davis wa Mombasa hiyo hiyo, aliyekwenda kuimba hadi Ulaya. Baba akamjibu kwamba Mombasa imezaa na wezi vilevile.

Siku moja mimi nikajitia ujuaji. Nikamwuliza baba mbona Juma Bhalo, tunayemsikiliza humu ndani, huchukua tuni za sinema za Kihindi akazivisha mashairi ya Kiswahili, na hakuna anayemwambia ameharibika? Nilipata kofi. Jibu mpaka leo sijalipata, na swali bado nalishikilia: ya Bombay tuliyakaribisha sebuleni, ya London tukayafungia mlango. Labda ni kwa sababu ya Bombay waliyaleta wazee wenyewe.

Mlango ulifungwa kweli mwaka 1973. Kaka alirudi kutoka bugi baada ya Isha, akabisha, baba asimfungulie. Mama alilia jikoni. Asubuhi kaka alikuwa hayupo. Akateremka Mombasa, akapata kupiga gitaa la kukodi katika hoteli za watalii. Gitaa lake lilibaki juu ya kabati letu. Kwa miaka minne baba hakumtaja jina. Lakini gitaa lile hakuliuza, ingawa kulipeleka Gikomba lilikuwa jambo la dakika chache. Barua za kaka mimi nilimsomea mama kwa sauti, na baba akiwa kitini nyuma ya gazeti; nikisoma, karasa haigeuzwi.

Walipeana mikono Idd ya mwaka 1977. Hakuna aliyeomba radhi. Baba alimwuliza kama amekula.

Niliyakumbuka hayo mwaka 2006, pale Uamsho walipopinga Zanzibar isimsherehekee Freddie Mercury, aliyezaliwa huko 1946, kwa kuwa mwenendo wake haukuafiki Uislamu. Pande mbili zikavutana; vijana wenyewe wanasikiliza nini, sikusikia aliyewauliza.

Sasa mjukuu wa kaka yangu husikiliza Duma, vijana wawili wa Nairobi waliotoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Husikiliza kwa vidude vya masikioni, nyumba kimya, hata aliye kiti cha pili hajui kinachomwingia mtoto. Kule Ziwani, kwa kuta zile, tulijua.

Juzi nilimwomba kimoja. Alinitazama kwa mashaka, kisha akanipa. Nikasikia ngoma kama mabati yanayoporomoka na mtu anayepiga ukelele. Nilivumilia dakika mbili, nikamrudishia. Akaniuliza, “Babu, umeipenda?” Nikamwambia la, lakini kesho anipe tena.