Sura ya Sita: Kupoza Kompyuta kwa Maji Bila Kelele

Umeme wote unaoingia kwenye prosesa hutoka ukiwa joto. Prosesa inayokula wati 65 hutoa joto la wati 65, kama balbu ya zamani ya waya. Zile kubwa hutoa zaidi: Core i9-13900K ya Intel, ikiwa kwenye kazi nzito, inaruhusiwa kufika wati 253. Joto hilo lote huzaliwa kwenye kipande cha silikoni kinacholingana na ukucha wa kidole gumba. Lisipoondolewa, baada ya muda mfupi sana prosesa hufikia kikomo chake, ambacho kwa hiyo ya Intel ni nyuzi 100. Hapo hujipunguzia kasi yenyewe, na hali ikizidi kuwa mbaya hujizima.

Kupoza kompyuta maana yake ni kulihamisha joto hilo kutoka kwenye silikoni hadi kwenye hewa ya chumbani. Hakuna kifaa kinacholimaliza. Hata mfumo wa maji, mwisho wake ni hewa: maji hubeba, hewa hupokea. Kwa sababu hiyo mahali kompyuta ilipo ni sehemu ya hesabu. Mashine iliyoundwa Kawetele, katika mji wa Tukuyu wilayani Rungwe, haihitaji vifaa sawa na iliyoundwa Dar es Salaam, hata kama prosesa ni moja.

Kelele inatoka wapi

Chanzo kikubwa cha kelele ni feni. Kiasi cha hewa inayosukumwa na feni hupanda sambamba na kasi yake, lakini kelele hupanda haraka zaidi. Kasi ikipunguzwa nusu, kutoka mizunguko 1,500 hadi 750 kwa dakika, hewa hupungua nusu na kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Sikio huhisi sauti imepungua nusu kila inaposhuka kwa desibeli 10, kwa hiyo punguzo hilo ni kubwa.

Kanuni hiyo ndiyo msingi wa ukimya wote. Feni moja inayokimbia ikiondolewa na kuwekwa mbili za ukubwa uleule zinazozunguka nusu ya kasi, hewa inayopita ni ileile. Feni ya pili huongeza desibeli 3 tu, hivyo jumla ya kelele imeshuka kwa desibeli 12 hivi. Lakini feni mbili zinahitaji nafasi ya kufungwa na eneo kubwa la chuma la kupuliza, na juu ya prosesa nafasi ni finyu. Faida ya maji ni kulipeleka joto mahali penye nafasi.

Kiwango cha ukimya kinachotakiwa hutegemea pia mazingira. Mvua ya Tukuyu ikianza kupiga mabati, hakuna feni itakayosikika. Usiku mkavu wa Kawetele, magari yakiwa yamepungua barabarani na hakuna jenereta inayonguruma jirani, feni ambayo mjini ingefunikwa na makelele husikika hadi chumba cha pili. Anayerekodi kwaya au anayesoma taarifa kwenye maikrofoni ndani ya chumba kilekile chenye kompyuta hukuta mvumo wa feni umeingia kwenye kila sentensi. Mtu wa namna hiyo ndiye hasa anayefaidika na mfumo huu.

Kwa nini maji

Kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 4.18 kupanda nyuzi 1. Kilo moja ya hewa huhitaji kilojuli 1 tu, na kilo hiyo hujaza karibu mita moja ya ujazo. Kwa ujazo ulio sawa, maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa. Mpira mwembamba wa maji hufanya kazi ambayo ingehitaji mfereji mpana wa upepo.

Wahandisi walilijua hilo zamani. IBM ilipoza kwa maji baadhi ya kompyuta zake kubwa tangu miaka ya 1960, na mwaka 1985 kompyuta ya Cray-2 ilifanya kazi ikiwa imezamishwa kwenye kimiminika kisichopitisha umeme. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wapenzi wa kompyuta walianza kujiundia mifumo yao majumbani wakitumia rejeta ndogo za kipasha joto cha gari na pampu za matangi ya samaki. Apple iliuza Power Mac G5 iliyopozwa kwa kimiminika mwaka 2004. Tangu Corsair ilipotoa H50 mwaka 2009, mifumo iliyofungwa kiwandani, yenye maji tayari ndani, imekuwa bidhaa ya kawaida madukani.

Vifaa vya mzunguko

Mzunguko una sehemu tano. Ya kwanza ni bloku, kipande cha shaba kinachokaa juu ya prosesa kwa kupakwa pesti ya joto. Ndani yake kuna mifereji myembamba sana ambamo maji hupita yakichukua joto. Ya pili ni mipira inayoyasafirisha maji. Ya tatu ni rejeta yenye mapezi membamba, na ya nne ni feni za kupuliza mapezi hayo. Ya tano ni pampu, ambayo kwa kawaida huambatana na tangi dogo la kujazia maji na kukusanyia mapovu. Rejeta hutajwa kwa ukubwa wa feni zake: ya milimita 240 hubeba feni mbili za milimita 120, ya 360 hubeba tatu.

Wengi hudhani maji yakipita polepole hupoa zaidi kwenye rejeta. Hesabu inaonyesha vingine. Maji yanayopita lita 1 kwa dakika hupanda nyuzi 1 kwa kila wati 70 yanazopokea. Prosesa ya wati 200 huyapandisha nyuzi 3 tu kati ya kuingia kwenye bloku na kutoka. Mzunguko mzima, kwa hiyo, una joto karibu moja, na mpangilio wa vifaa hauna athari kubwa. Maji yakipita polepole zaidi, tofauti hiyo huongezeka na prosesa huwa moto zaidi. Hata hivyo, hakuna haja ya kuikimbiza pampu: ikishafikisha lita 1 au zaidi kidogo kwa dakika, kasi ya ziada huleta kelele kuliko faida.

Maji yana sifa nyingine inayosaidia ukimya: hupanda joto taratibu. Wati 200 huchukua sekunde 21 kupandisha lita moja kwa nyuzi 1, na dakika tatu na nusu kuipandisha nyuzi 10. Prosesa hurukaruka joto kila programu inapofunguliwa, na feni zikifuata kipimo cha prosesa nazo hupanda na kushuka, jambo linalokera kuliko mvumo wa mfululizo. Mwenye mfumo wa kujiundia huweka kipimajoto ndani ya maji na kuzifanya feni zifuate hicho. Kazi fupi ya nusu dakika huisha kabla feni hazijabadili mwendo.

Hewa ya Rungwe

Tukuyu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Rungwe. Mwinuko huo huleta mambo mawili yanayovutana: hewa ni baridi, na hewa ni nyepesi.

Chukua rejeta moja, feni zikiwa na kasi ileile, na maji yasiyotakiwa kupita nyuzi 40. Dar es Salaam, chumba kikiwa na nyuzi 32, tofauti kati ya maji na hewa ni nyuzi 8. Kawetele, chumba kikiwa na nyuzi 20, tofauti ni nyuzi 20. Rejeta hutoa joto kulingana na tofauti hiyo, kwa hiyo ya Kawetele ina uwezo mara mbili na nusu.

Sasa upande wa pili. Kwenye mita 1,500, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 83 ya ile ya pwani. Mita ya ujazo ya hewa ya Kawetele ina uzito wa kilo 1, na ya Dar es Salaam yenye nyuzi 32 ina kilo 1.16. Feni ileile, kwa mzunguko uleule, husukuma hewa pungufu kwa asilimia 13. Ukitoa hasara hiyo, rejeta ya Kawetele bado inatoa zaidi ya mara mbili ya joto linalotolewa na ya Dar es Salaam. Faida hiyo inaweza kutumika kwa kupunguza ukubwa wa rejeta, lakini anayetafuta ukimya huibakiza rejeta kubwa na kuzipunguzia feni mwendo. Kyela, iliyo chini karibu na Ziwa Nyasa kwenye mita 500 hivi, haina nafuu hiyo. Fundi wa Tukuyu anayemfungia mteja wa Kyela mashine lazima apige hesabu upya.

Umande

Rejeta iliyo chumbani haiwezi kuyapoza maji chini ya joto la chumba, kwa hiyo mipira na bloku haviwezi kutoa jasho hata hewa ikiwa na unyevu mwingi. Hatari huanza pale rejeta inapotolewa nje ya dirisha ili kufuata baridi, au pale maji ya bomba yanapoelekezwa moja kwa moja kwenye bloku.

Chumba chenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 85, hali ya kawaida Tukuyu nyakati za mvua, kina kiwango cha umande cha nyuzi 17.4. Kitu chochote chenye baridi kuliko hapo hulowa. Usiku, nje kukiwa na nyuzi 11 na kompyuta haina kazi, maji yanayorudi kutoka dirishani yanaweza kuwa na nyuzi 12 au 13. Matone huanza kwenye viungio, hutelemka kwenye bloku, na hufika kwenye madabodi. Kwa hiyo rejeta ikae ndani, na maji yasiwe baridi kuliko chumba.

Maji ya kutumia

Maji ya bomba na ya chemchemi, hata yawe maangavu vipi, yana madini yaliyoyeyuka. Madini hayo hupitisha umeme, huchochea kutu na huacha ukoko kwenye mifereji ya bloku. Maji ya mvua, ambayo Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, huanza yakiwa masafi, lakini yakishapita kwenye bati hubeba zinki, vumbi na vijidudu. Yanayofaa ni maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Lebo isomwe kwa makini, kwani maduka hayohayo huuza asidi ya betri, na asidi hiyo huharibu mfumo na kuunguza ngozi.

Maji hayo huongezwa dawa ya kuzuia kutu na dawa ya kuzuia mwani. Mwani hupenda mwanga, hivyo mipira myeusi ni bora kuliko ile inayoonyesha ndani, hasa kompyuta ikiwa karibu na dirisha. Kanuni ya metali haina msamaha: shaba, shaba nyeupe na nikeli hukaa pamoja, lakini aluminiamu ikichanganywa na shaba kwenye maji huliwa. Mifumo mingi ya kiwandani ina bloku ya shaba na rejeta ya aluminiamu, na hulindwa na kimiminika chake maalumu. Kuifungua na kuijaza maji matupu ni kuiua.

Kufunga na kujaribu

Pampu husimamishwa juu ya kipande cha sponji nzito, isiguse bati la kasha. Mtetemo ukifika kwenye bati, kasha zima huvuma hata pampu yenyewe ikiwa tulivu. Tangi huwekwa juu ya pampu ili isizunguke kavu, kwani maji ndiyo huilainishia beringi.

Mfumo ukishajazwa, pampu huwashwa peke yake kwa pawasaplai, madabodi ikiwa haina umeme. Tishu nyeupe hufungwa kila kiungio na mfumo huachwa ukizunguka kwa saa 24. Tone dogo huonekana kwenye tishu kabla jicho halijaliona kwenye chuma. Muda huohuo hutumika kutoa mapovu: kasha huinamishwa huku na huku hadi mlio wa kububujika uishe. Mfumo wa kiwandani hauna tangi, hivyo rejeta yake hufungwa juu kuliko pampu ili hewa iliyobaki ikusanyike kwenye rejeta.

Umeme na matunzo

Umeme ukikatika, prosesa na pampu husimama pamoja, na maji yaliyo kwenye bloku hulipokea joto lililobaki. Hatari iko pale pampu inapokufa kompyuta ikiwa inafanya kazi. Waya wake wa kipimo uunganishwe kwenye madabodi, ili mashine itoe onyo mzunguko unaposimama.

Mapezi ya rejeta hupigwa brashi kila baada ya miezi michache, hasa wakati wa kiangazi barabara za udongo zinapotoa vumbi. Maji ya mfumo wa kujiundia hubadilishwa mara moja kwa mwaka. Mashine inayosafirishwa, tuseme kwa basi hadi Mbeya, hutolewa maji kwanza. Na kwa kuwa vipuri vingi hutoka Dar es Salaam, karibu kilomita 900, ni busara kuweka feni ya kawaida ya prosesa kama akiba, ili kazi isilale pampu ikiharibika.

Kuchagua

Kwa prosesa ya wati 65 kwenye hewa ya Tukuyu, kipoza hewa kikubwa chenye feni ya milimita 120 inayozunguka polepole hutosha kabisa, ni bei nafuu, na hakina maji ya kuvuja. Kati ya wati 100 na 150, vyote viwili hufaa, na nafasi ya kasha ndiyo huamua. Kuanzia wati 200 kwa kazi za muda mrefu, kama kuhariri video za harusi usiku kucha, rejeta ya milimita 280 au 360 yenye feni za mwendo wa chini hufanya lile ambalo kipoza hewa hakiwezi bila kupiga kelele. Kabla ya uamuzi huo, kelele nyingine ziondolewe kwanza: diski ya kuzunguka ibadilishwe kwa SSD, na pawasaplai iwe na nguvu ya ziada ili feni yake isikimbie. Mfumo wa maji hunyamazisha prosesa peke yake. Kompyuta tulivu ni ile ambayo kila feni yake, popote ilipofungwa, ina sababu ya kuzunguka polepole.